Fundo la Kushoto

Kamba ya mwisho ilitoka kwenye gunia ikiwa na kipande cha ufito kikiwa bado kimefungwa kwenye ncha yake, na fundo lenyewe lilizunguka kuelekea kushoto.

Nilikaa chini palepale.

Wanafunzi wangu wanne walikuwa wameshikilia miguu ya kichanja cha vyombo, wakisubiri nifunge kona iliyobaki. "Mwalimu, mikono inakufa ganzi huku," mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Katika kambi zetu za skauti aliyefunga kwa kushoto alikuwa mmoja tu, binti yangu. Kila alipofunga, nilifungua. "Rudia, mwanangu, funga kama wenzako." Alirudia mara tatu, mara nne, huku amenuna, mpaka fundo likazunguka kulia. Hili alilifunga kambi ya mwaka jana, siku ambayo sikumwangalia, kabla ya homa ya siku mbili iliyotunyang'anya mwanetu.

Nilipitisha kidole juu ya mizunguko. Ilikuwa imebana vizuri, hakuna uliopanda juu ya mwenzake. Katikati ulikuwa umenasa uzi mwekundu wa sweta lake.

Halikuwa na kasoro. Na mafundo yake mengine yote niliyafungua kwa mikono yangu hii.

"Kamba haikatwi!" Hivyo ndivyo wanafunzi huwa wananiigiza, kwa sauti yangu ileile ya puani. "Inafunguliwa, itatufaa kesho!"

Kichanja kilianza kuinama.

"Mwalimu, tukusaidie kulifungua?"

"Hapana," nikasema. "Nipeni kisu."