Uzi wa Mafundo Matatu

Chupa za Bi Mwanahawa, mganga wa miti shamba, zilifanana zote. Alizitofautisha kwa uzi aliozifunga shingoni. Fundo moja, dawa ya mtoto. Mawili, ya mtu mzima. Matatu, ya kuchua tu, ukiinywa, huamki.

Afisa wa afya aliyekuja asubuhi hiyo hakutaka kusikia habari za mafundo. "Mama, sheria inataka lebo." Akazikata nyuzi zote kwa mkasi, akazichanganya chupa mezani, akabandika kila moja karatasi ileile: Dawa ya asili. Kijiko kimoja, kutwa mara tatu.

"Afadhali sasa tunajua tunachokunywa," alisema Nuruana, mteja aliyekuwa amembeba mwanawe mwenye homa. Akachukua chupa ya karibu, akaifungua.

"Ngoja, mwanangu, niinuse kwanza!"

"Unuse nini, bibi? Si imeandikwa?"

Bi Mwanahawa akanyoosha mkono. Afisa akaudaka. "Mwache mteja."

Bi Mwanahawa akainamisha macho. Chini ya kiatu cha afisa ulichungulia uzi wa mafundo matatu, nao haukusema ulitoka chupa ipi. Alipoinua uso, kijiko kilikuwa kimejaa, na mtoto amekwisha kupanua kinywa kama kinda.