Uvimbe Uliozeeka

"Hizi seli mbaya, Daktari, mimi nakwambia—"

"Mbaya kwa sura tu, Tindwa. Hebu toa kichwa—"

"Sura? Viini vimevimba, kila kimoja na umbo lake!"

Daktari Zaituni alimsukuma fundi wake wa maabara kwa kiwiko, akainamia hadubini. Kweli seli zilitisha. Lakini alikipitia kizima kile kioo chenye kipande cha uvimbe, kona kwa kona, akitafuta hata seli moja inayojigawa kama za kansa, asiione. Pembeni viini vilijipanga safu mbili zinazotazamana, kama wacheza ngoma kabla haijapigwa. Ulikuwa uvimbe wa ganda la mshipa wa fahamu, umekaa mkononi mwa mgonjwa miaka mingi mpaka ukazeeka.

"Uzee huo, si kansa. Hata wewe ukiamka asubuhi unatisha, na hujamdhuru mtu."

Tindwa alicheka, yakaisha.

Mwenye mkono huo, Bi Mwatumu, akaitwa ndani peke yake. Zaituni alimweleza kwamba uvimbe wake si kansa, umeshatolewa wote, aende zake nyumbani. Kisha akangoja vigelegele.

Bi Mwatumu alikuwa anatazama dirishani. Nje, wanawe wawili, ambao hawajasemeshana tangu msiba wa baba yao, walikuwa wamebanana kwenye benchi moja wakimsubiri. Mmoja alimenya chungwa, akampa mwenzake nusu.

"Mwanangu Daktari," alisema kwa sauti ndogo, "huwezi kukiangalia tena hicho kioo? Polepole tu, mpaka Ijumaa?"