Bila Kidonge

Siku hizi mwigizaji haruhusiwi kupanda jukwaani kabla hajameza kidonge chenye kumbukumbu za mtu halisi, ili kilio chake kiwe cha kweli. Katika mchezo uliopita, Tunu alimeza kumbukumbu za mama aliyefiwa na mtoto, na kwa miezi miwili alimwita binti yake mwenyewe, Riziki, kwa jina la mtoto huyo marehemu.

Safari hii alipewa kidonge cha mjane. Hakukimeza. Wiki nzima alishinda kwa jirani yake Bi Mgeni, aliyefiwa na mumewe, akamwona anavyotoa sahani mbili, kisha anairudisha moja kabatini.

"Umemeza?" mwongozaji alimuuliza.

"Sijameza, na simezi."

"Wakaguzi watakufungia, Tunu."

"Basi leo niigize vizuri."

Jukwaani alitoa sahani mbili, akairudisha moja polepole. Ukumbi mzima ulilia. Mlangoni, mkaguzi mwenye macho mekundu kwa kulia alimpima damu, asikute kidonge, akamnyang'anya kibali cha kuigiza.

"Wamenifungia," alimwambia Riziki nyumbani.

"Utaacha?"

"Nitaigiza hapa uani. Atakayetaka atakuja."

Riziki alimtazama machoni, kana kwamba bado anamtafuta mama yake humo.