Kifo Hulainisha Moyo

Perlita alimkumbatia baba yake mara mbili: mara ya kwanza mlangoni, mara ya pili sebuleni, hata kabla hajakaribishwa kiti. Alimbana kwelikweli, viganja vikipanda na kushuka mgongoni mwa mzee kama anayemkausha mtoto aliyetoka kuoga. Mzee Crisanto alisimama tu, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Vipi, mwanangu, kuna msiba?"

"Msiba wa nchi nzima, Tatay. Kwani huoni?" alisema Perlita; Tatay ndiyo baba kwa lugha yao.

Kwenye televisheni, foleni ya watu waliokwenda kumuaga Amparo Lacsina ilikuwa imezunguka kanisa na kupotelea barabarani. Mwigizaji yule aliwaliza Wafilipino kwa viingilio miaka hamsini, na sasa alikuwa akiwaliza bure.

"Wewe hukwenda?" mzee aliuliza, maana Perlita alikuwa amevaa nyeusi tupu.

"Kwa foleni ile? Mimi natoka kazini. Nilimwona kwenye simu tu, nikakukumbuka. Nikasema, maisha haya, leo upo kesho hupo. Ngoja nikamwone baba yangu."

Mzee aligeukia jikoni ili machozi yake yasionekane. Marehemu alikuwa na miaka sabini na sita. Yeye ana sabini na saba. Tangu asubuhi alikuwa akilitazama jeneza lile lililozama kwenye maua na kujiuliza ni nani atakayepanga foleni kwa ajili yake. Labda jirani wa kushoto, na mbwa wake.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Miaka minne Perlita hakukanyaga nyumba hii, tangu siku mzee alipomwita mkwewe mlevi mbele ya wageni. Mlevi alikuwa mlevi kweli, ila ukweli mwingine hausemwi mezani. Kisha mwezi wa pili akafa Padre Melchor, paroko wao, na siku ya kuagwa kwake, Perlita huyo anabisha hodi. Mwezi wa sita akafa mwalimu aliyemfundisha Perlita kusoma, naye akaja tena. Na leo Amparo. Kifo hulainisha moyo wa mtu, mzee alijisemea, na hiki kimemrudishia binti yake.

"Kaa basi nikupakulie. Nimepika nguruwe kwa ukwaju, alivyokuwa akipika mama yako."

"Sikai sana, Tatay. Dakika kumi tu."

"Dakika kumi! Hata wali hautakuwa umepoa!"

Perlita hakukaa. Alijikung'uta blauzi mabegani na pindoni, akapigapiga nyayo kwenye zulia, akasema vumbi la jiji siku hizi halivumiliki. Mzee alimwangalia, akaona kwamba kama si leo, hatasema tena.

"Perlita, wiki iliyopita nilianguka bafuni. Nililala pale sakafuni toka asubuhi mpaka jirani aliposikia maji yanamwagika. Nikajua ndiyo imetoka hiyo."

"Maskini, Tatay."

"Nichukue nikakae kwenu. Hata kibarazani nitalala. Begi nimeshalifunga, lile pale nyuma ya mlango. Mumeo nitamwomba radhi, nitampigia hata magoti, kama magoti yenyewe yatakubali."

Perlita alilitazama begi. Lilikuwa dogo, la kamba, na taulo limejitokeza kwenye zipu.

"Chumba cha chini kinapakwa rangi," alisema. "Ikikauka nitakupigia simu."

"Lini?"

"Ikikauka, Tatay."

Mzee alikubali. Rangi haikauki kwa kuisukuma. "Na kaka yako Arnel je? Mwanawe ana miezi miwili sasa, mimi sijamshika hata kidole."

"Arnel nitamwambia apite."

"Apite lini? Yule naye kwa ahadi!"

"Leo, Tatay. Leo hii hii."

Mzee nusura acheze ngoma. Watoto wawili kwa siku moja! Perlita aliutwaa mkono wake, akauweka kwenye paji la uso kuomba baraka, kama alivyokuwa akifanya enzi za shule. Akamkumbatia tena, mara ya tatu, kwa nguvu kuliko zile mbili, akatoka bila kugeuka nyuma. Nguo zake zilinukia mishumaa.

Ndipo mzee alipokumbuka kwamba amemwachia mtoto aondoke na njaa. Alimimina mchuzi kwenye bakuli lenye kifuniko, akavaa ndala, akajikokota kumfuata. Alimkuta nje ya lango, amempa mgongo, simu sikioni. Mzee alitabasamu. Kumbe hakudanganya, alikuwa anazungumza na Arnel kweli.

"Ukishamuaga Amparo niambie," Perlita alikuwa akisema. "Mimi nimeshatoka, nimeligusa mpaka jeneza. Ila usirudi nyumbani moja kwa moja, Arnel, una kichanga. Si unajua kifo humfuata mtu mpaka mlango wa kwanza atakaoingia? Pitia kwa Tatay, ujikung'ute, umkumbatie vizuri, ukiache pale pale. Mimi ndivyo nilivyofanya kwa Padre, na kwa mwalimu, na nyumbani kwangu wote ni wazima. Aa, huruma ya nini sasa? Yeye keshakula chumvi ya kutosha."