Tope la Wiki Tatu

Niliporudi dukani nilikuta trekta langu la mfano, dogo kama kiatu cha mtoto mchanga, limezamishwa kwenye beseni la sabuni. Mama mkwe alikuwa akilisugua kwa brashi ya viatu.

Lile tope la matairi lilikuwa rangi niliyoipaka mwenyewe kwa wiki tatu, kwa brashi nyembamba kama kope, nikamalizia na kutu ya boneti. Dereva mstaafu aliyeliagiza alitaka lifanane kabisa na lile alilolimia miaka thelathini. Alikuwa aje kulichukua jioni hiyohiyo.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeona kitu chako kichafu, nikasema nikusaidie." Akajifuta jasho. "Ila nisamehe, mwanangu. Nimesugua mpaka bega linaniuma. Tope limeng'ang'ania tu."

Nikalitoa majini, nikalipeleka dirishani. Tope lilikuwepo. Kutu ilikuwepo. Vanishi niliyoipaka juu ya rangi ilikuwa imeshika kama kupe.

Nikakaa sakafuni, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

"Usilie, baba," akasema mama mkwe, akiinuka. "Ngoja nikalete mafuta ya taa, hayo yatalitoa."

Nikalikumbatia trekta, likinilowesha shati.