Mtungi wa Bibi Dina

Mwaka 2022, mwishoni mwa kiangazi, mvua zikiwa zimechelewa na matangi ya Newala yakitoa mwangwi kila yalipogongwa, mzee mmoja alisimama mbele ya kabati la kioo katika Nyumba ya Waliovuka, akasema, "Mtungi huu una deni."

Getrude, mtunzaji wa makumbusho hayo, aliacha kufagia. Mzee alikuwa na miaka sitini na ushei. Miguuni pake palikuwa na dumu la lita ishirini, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa cheusi.

"Shikamoo, baba. Deni la nani?"

"Marahaba, mwanangu. Mwenye mtungi yu hai?"

Getrude aliutazama mtungi. Nyumba ile ilihifadhi vitu vya watu waliovuka Mto Ruvuma wakikimbia vita vya Msumbiji: mikeka, vinyago, jembe lisilo na mpini. Lakini roho yake ilikuwa mtungi ule wenye pengo mdomoni. Kibao chake kilieleza kwamba mwaka 1968 Bibi Dina, akitoka bondeni kuteka maji, alimpa mama mkimbizi na mwanawe maji yake yote. Bibi Dina ndiye aliyemlea Getrude.

Jumamosi, katika Siku ya Waliovuka, wangefika wageni kutoka makumbusho ya wahamiaji wa Kiswidi. Walitaka kuuazima mtungi, wakauonyeshe kando ya masanduku ya mababu zao waliohama kwa njaa. Sharti lao lilikuwa moja tu: kila neno la kibao liwe kweli.

Sharti hilo lilimnyima Getrude usingizi. Mwezi Agosti, Bibi Dina aliposhikwa na homa, alimwita kitandani akamwambia, "Wizi ule wa maji ufe pamoja nami." Hakuongeza neno. Yaliyosalia Getrude aliyajaza mwenyewe, kwamba mwizi alikuwa bibi yake, na tangu siku hiyo alikwepa kuwasomea wanafunzi kibao kile. Enzi hizo wanawake walishuka bondeni, wakateka, wakalala njiani, wakafika juu siku ya pili. Mwizi wa maji hakusamehewa. Mwenyeji alifukuzwa kijijini; aliyetoka ng'ambo alirudishwa ng'ambo, vitani.

"Bibi alikwisha kufariki," alisema Getrude. Uongo ulimtoka laini, kana kwamba ulikuwa ukingoja mlangoni.

Mzee aliinamisha kichwa. "Mama yangu naye alifariki mwezi wa saba, huko Mueda. Alinituma nilete habari ya wizi. Ikiwa mwenyewe hayupo, nitaisema Jumamosi mbele ya watu."

"Na dumu hilo lina nini?"

"Haki yake."

Kisha akaomba maji ya kunywa. Getrude akampa kikombe, akamtazama akikimaliza hadi tone la mwisho. Mwenye dumu la maji haombi maji. Getrude akawaza petroli.

Mzee alipoondoka, Jafari, dereva wa bodaboda aliyeegesha nje, alicheka. "Huyo nilimkuta kwenye mwinuko wa kutoka bondeni, dumu kichwani kama mwanamwali. Nikamwambia, panda, mzee, bure. Akakataa. Eti dumu hilo halipandi pikipiki. Labda linaogopa kwenda bila kofia ngumu."

Getrude hakucheka. Ijumaa alijaza ndoo mbili za mchanga, akaziweka uwanjani, karibu na meza ya sherehe. Jioni alimwambia bibi yake, "Bibi, kesho usije. Jua ni kali."

"Jua la Newala nimelijua kabla sijakujua wewe," alijibu Bibi Dina, akaendelea kula ming'oko yake, vile viazi vya porini.

"Homa itakurudia."

"Ikirudi itanikuta nimekaa kwenye kiti changu cha mbele."

Asubuhi Getrude aliondoka mapema, akaufunga mlango wa nyumbani kwa nje, akatia ufunguo mfukoni.

Uwanja ulijaa. Ngoma zilinyamaza, wageni wa Kiswidi wakafungua madaftari. Mtungi ulikuwa umetolewa kabatini, umewekwa juu ya meza. Yule mzee aliinuka kutoka safu ya nyuma, dumu mkononi, akasema kwa sauti ya utulivu, "Naitwa Vitalis. Nina neno juu ya mtungi huu. Kibao hiki hakisemi kweli."

Watu wakageuka. Mmoja wa wageni akaacha kuandika.

Hapo bajaji ikasimama langoni. Bibi Dina akashuka polepole, akiegemea bega la jirani aliyemfungulia mlango kwa ufunguo wa akiba. Watu wakamwamkia kwa jina, na Vitalis akamgeukia Getrude.

"Huyu ndiye marehemu?"

Getrude alijitupa katikati yao, mgongo wake ukigusa meza. "Baba, nakusihi. Ni mtu mzima, siku zake zimebaki chache. Kama ni aibu, nivike mimi."

"Nipishe, mwanangu. Nimetoka mbali."

Bibi Dina alilitazama dumu, halafu uso wa yule mzee. "Nilisema habari hiyo ife."

"Mama yangu hakukubali ife." Vitalis alipiga magoti mavumbini, akaanza kukifungua kile kitambaa cheusi. Getrude akanyoosha mkono kuishika ndoo ya mchanga.

"Shikamoo, Mama," Vitalis alimwambia Bibi Dina.

"Marahaba, mwanangu."

"Ulipolala njiani, mama yangu aliyamimina maji yako yote katika vibuyu vyetu. Wanamgambo walipotukamata, ukawaambia kwamba umempa."

Akainuka, akaliinamisha dumu juu ya mtungi, na maji ya bondeni yakapanda, yakapanda, mpaka yakafurika penye pengo.