Jina Dirishani

Katika zahanati pekee ya mji ule, dawa ya kuacha heroini ilitolewa kwenye dirisha lililotazama benchi la kina mama wa kliniki. Mgonjwa aliinywa mbele ya muuguzi, kisha akataja jina lake kwa sauti, ili ithibitike kwamba hakuificha mdomoni.

Shekue, siku yake ya kwanza, alimeza dozi yote. Alipogeuka kufuta midomo, akamwona mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, ameketi benchini akimpakata mjukuu. Ukweni walikuwa wameambiwa kwamba Shekue anaugua kifua.

“Jina,” alisema muuguzi.

Shekue akauelekeza uso ukutani.

“Kaka, usiposema nitaandika umeificha. Kesho hupati.”

“Bubu huyo, dada!” alicheka mtu nyuma yake. “Mpe kalamu!”

Foleni nzima ikacheka. Bi Mwanahawa akainua macho kutazama kulikoni.

“Shekue,” mgonjwa akamjibu muuguzi, jasho likimtiririka shingoni. “Shekue Mdoe.”

Kicheko kilikatika. Bi Mwanahawa alisimama, akamweka mtoto begani, akaanza kuja dirishani, kandambili zake zikiburuta polepole juu ya saruji.